Michael Grzimek na Ndege ya Milia

Leo nataka kuwaletea habari za maisha ya kijana mmoja Mjerumani, jina lake Michael Grzimek. Alikufa akiwa na umri wa miaka 24, yaani alinizidi miaka 5 tu mimi ninayeandika. Hakufa vitani, wala hakufa kwa maradhi. Alikufa kwa sababu waya za kuongozea ndege yake zilikwama angani. Nimechagua habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, kifo chake chatuonyesha jinsi chombo kikubwa kinavyotegemea kitu kidogo kisichoonekana. Pili, kazi yake haikuanguka pamoja na ndege yake, na yafaa tujiulize kwa nini.

Michael alizaliwa mjini Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa wanyama. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mzee huyo alipewa kazi ya kuisimamia bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Bustani yenyewe ilikuwa magofu kwa sababu ya mabomu, na wanyama waliosalia walikuwa wachache. Kazi ya baba ikawa kuyajenga upya mazizi na kutafuta wanyama wengine. Mtoto huyu basi aliwazoea wanyama kama watoto wa pwani yetu wanavyozoea mashua. Alipokua akajifunza kupiga picha, hata picha za sinema, na akasoma elimu ya wanyama.

Katika miaka ya 1950 baba na mwana walisafiri mpaka Kongo, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wabelgiji. Huko waliona misitu inapungua na wanyama wanakosa mahali pa kukaa. Mwaka 1954 mzee akatoa kitabu juu ya jambo hilo, na mwaka 1956 ikatoka sinema yenye jina lile lile, ambalo maana yake ni kwamba hakuna tena nafasi ya wanyama wa porini. Sinema hiyo ilipata tuzo mjini Berlin na kuleta fedha nyingi kuliko walivyotazamia.

Wengine wangejenga nyumba kubwa na kupumzika. Wao walitaka kuzitumia fedha hizo kwa wanyama wenyewe. Wakaiambia Serikali ya Kiingereza iliyotawala Tanganyika kwamba wako tayari kununua ardhi iongezwe katika mbuga ya Serengeti. Mbuga hiyo ilikuwa imewekwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na sasa serikali ilifikiri kubadili mipaka yake. Msimamizi wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, aliwapa shauri jingine. Aliona ni heri fedha zile zitumike kutafuta habari za kweli. Wanyama wa Serengeti ni wangapi? Huenda wapi wakati wa mvua, na wapi wakati wa kiangazi? Hakuna aliyejua, na bila kujua hayo mtu atawezaje kuchora mpaka?

Shauri hilo lilikuwa jema, lakini nchi ile ni pana mno. Mtu wa miguu hawezi kuwahesabu nyumbu wanaotembea kwa maelfu, na hata mwenye gari huzuiwa na matope na mabonde. Basi baba na mwana wakajifunza kurusha ndege. Wakanunua ndege ndogo iliyotengenezwa Ujerumani, aina ya Dornier Do 27, yenye injini moja na bawa lililo juu ya chumba cha rubani, hivyo mtu aliyemo aweza kutazama chini bila kuzuiwa. Ndege hiyo iliweza kuruka polepole sana na kutua mahali pafupi pasipo uwanja wa kweli. Wakaipaka milia myeusi na myeupe kama punda milia, ili ikianguka porini ionekane upesi. Herufi zake za sajili zilikuwa D-ENTE, na kwa Kijerumani neno ente maana yake bata. Kwa hiyo ndege yenye ngozi ya punda ikawa na jina la bata.

Kwa ndege hiyo ndogo waliruka wenyewe kutoka Ulaya hadi Afrika ya Mashariki, na mwezi wa Januari 1958 walikuwa wamekwisha anza kazi. Makao yao yalikuwa Banagi, katikati ya Serengeti.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze jinsi ndege ya namna hii inavyoongozwa, maana wengi wetu tumeziona ndege ndogo zikitua Mocímboa da Praia au Ibo bila kujua yaliyomo ndani ya mabawa yake. Sisi watu wa pwani hatutaona shida kuelewa. Mashua ina usukani nyuma, na nahodha huugeuza kwa kana aliyoishika mkononi. Tanga nalo hupandishwa kwa kamba inayopita katika kapi. Ndege ina mambo yote mawili pamoja. Nyuma ya mkia mna usukani wa kugeuza kichwa kulia na kushoto, na mwingine wa kukiinua na kukishusha. Tena kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, karibu na ncha, mna kibao kinachopanda na kushuka. Cha kulia kikipanda, cha kushoto hushuka, na ndege hulala upande mmoja ili ipate kupinda. Rubani ameketi mbele, mbali na vitu hivi vyote. Mkono wake na miguu yake huvifikia kwa njia ya waya za chuma zilizosokotwa, zinazopita katika makapi madogo ndani ya mwili wa ndege na ndani ya mabawa.

Waya hizo si nene. Ziko gizani, zimefunikwa kwa bati, na abiria hazioni kamwe. Lakini bila hizo rubani hana zaidi ya kiti na dirisha. Injini yaweza kuzimika, na rubani hodari akaishusha ndege taratibu kama mwewe anayeelea kwa mabawa. Waya zikikwama, hata uhodari hauna njia ya kupita. Ndiyo maana kila rubani, kabla ya kuondoka, huusukuma usukani pande zote na kutazama kama vibao vinamtii.

Basi, narudi kwa Michael. Kazi ya kuhesabu ilikuwa ngumu na ya kuchosha. Waliruka chini chini, wakienda na kurudi kwa mistari iliyonyoka, kama mkulima anavyolima matuta, ili wasiwahesabu wanyama wale wale mara mbili. Jumla yao ilikuwa wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa karibu 99,500, na punda milia zaidi ya 57,000. Swala ndio waliokuwa wengi kupita wote.

Hawakuishia hapo. Waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwavisha mikanda ya rangi shingoni, kisha wakawafuata kwa ndege miezi mingi. Walichuma majani na kuchukua udongo ili wajue kwa nini makundi hupenda mahali fulani na kupaacha pengine. Wakaona kwamba nyumbu hawakujali mipaka iliyochorwa ofisini. Walivuka wakaenda nje ya hifadhi, hata nje ya mipaka mipya iliyokuwa ikikusudiwa.

Hapa nataka kusema neno juu ya Wamasai, maana habari hizi zikisimuliwa mara nyingi wao husahauliwa. Serengeti haikuwa nchi tupu. Wamasai walichunga ng'ombe huko zamani kabla ya ndege yoyote kupita juu yake. Mwaka 1958 baadhi ya wazee wao waliweka sahihi zao katika mapatano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 nchi ikagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na wakaaji, na Ngorongoro ikawa mahali ambapo wafugaji na wanyama wangekaa pamoja. Michael na baba yake waliupinga mgawanyo huo, kwa kuwa uliitoa Ngorongoro katika hifadhi. Waliamini kwamba katika hifadhi ya kweli pasikae mtu yeyote, hata mwenyeji. Mimi siwezi kuwafuata mpaka hapo. Mtu aliyekaa na wanyama vizazi vingi bila kuwamaliza ana haki ya kuulizwa kabla ya mgeni. Jambo hilo halijakwisha hata leo, kwani tangu mwaka 2022 watu wengi wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, katika Wilaya ya Handeni, na ugomvi wake umefika mahakamani. Nayasema haya ili tusimfanye Michael malaika. Alikuwa kijana mwenye bidii, na mawazo mengine ya siku zake alikuwa nayo pia.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege ile ya milia peke yake. Baba yake hakuwamo. Huku angani walikuwako tumbusi, ndege wakubwa wa mizoga, ambao huelea juu ya tambarare wakitafuta mnyama aliyekufa. Tumbusi mmoja wa aina hiyo aweza kuwa na uzito wa kilo 7 na zaidi. Ndege ya Michael iliweza kwenda kilomita 200 kwa saa, na kwa mwendo kama huo kilo 7 za nyama na mifupa hupiga kama jiwe lililorushwa kwa nguvu. Tumbusi huyo alilipiga bawa la kulia. Bati likabonyea, na waya zilizopita ndani zikakwama. Ndege ikapinda, ikaelekeza kichwa chini, ikaanguka. Michael akafa. Aliacha mke na mtoto mdogo, na mtoto mwingine alikuwa hajazaliwa.

Fikirini jambo hili. Injini haikuwa na kosa, wala rubani hakuwa mgeni, maana alikwisha ruka saa nyingi juu ya nchi hiyo hiyo. Bawa lenyewe halikung'oka. Waya tu ndizo zilizokwama. Lakini kwa kuwa alikuwa akiruka chini chini, hakuwa na nafasi ya kujaribu la pili. Tumbusi wengine wamepiga ndege na watu wakapona. Mwaka 1973 tumbusi wa aina inayopatikana Serengeti aligongana na ndege kubwa ya abiria karibu na Abidjan, juu sana, zaidi ya mita 11,000, akaiharibu injini moja, na ndege hiyo ikatua salama. Tofauti ni mahali palipopigwa.

Kisa hiki chanikumbusha kingine kilichotokea mbali, Marekani. Bessie Coleman, binti wa Kiafrika wa Marekani aliyezaliwa Texas mwaka 1892, alikataliwa katika shule za urubani za nchi yake kwa sababu ya rangi yake na kwa kuwa ni mwanamke. Hakukata tamaa. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari mpaka Ufaransa, na mwaka 1921 akapata cheti cha urubani. Tarehe 30 Aprili 1926, mjini Jacksonville katika Florida, alipanda ndege yake kuukuu, nayo ilirushwa na fundi wake. Ndege ikapinduka ghafula. Bessie, ambaye hakuwa amejifunga mkanda, akaanguka nje akafa, na fundi naye akafa ndege ilipofika chini. Walipoyachunguza mabaki waliona spana iliyosahauliwa ndani, imekwamisha vyombo vya kuongozea.

Nimeviweka visa hivi viwili pamoja makusudi. Kimoja kililetwa na ndege wa porini, ambaye hana hatia. Cha pili kililetwa na spana, na spana haijipeleki yenyewe mahali ilipo. Kwa Michael hapakuwa na wa kulaumiwa. Kwa Bessie, mtu mmoja angaliweza kuhesabu vyombo vyake kabla ya kufunga kifuniko, na pengine angaliokoa watu wawili, naye ni mmoja wao. Ndiyo sababu siku hizi katika karakana nzuri za ndege kila chombo kina mahali pake, na huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Kikikosekana kimoja, ndege hairuki mpaka kipatikane.

Michael alizikwa juu ya ukingo wa Ngorongoro, mahali ambapo mtu hutazama chini akaliona bonde lote. Juu ya kaburi lake pamejengwa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi, na wasafiri wanaokwenda Serengeti hupita karibu yake. Baba yake alirudi kazini akiwa na msiba mkubwa. Mwaka ule ule wa 1959 kitabu chao na sinema yao vikatoka, vyenye jina la kusema kwamba Serengeti isife. Mwaka 1960 sinema hiyo ilipewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Watu wa nchi nyingi waliosoma na kutazama wakatoa fedha. Pale Banagi ikajengwa maabara yenye jina la Michael, na kazi iliyoanzia hapo ilikua hata mwaka 1966 ikawa chuo kizima cha utafiti huko Seronera. Mzee Bernhard alikufa tarehe 13 Machi 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya mwanawe.

Na ile hesabu yao, je, ilikuwa sahihi? Haikuwa. Mwaka 1961 wataalamu wengine walihesabu tena, wakapata nyumbu zaidi ya 200,000. Ingawa wanyama huongezeka, hawaongezeki kwa kasi ya namna hiyo, kwa hiyo ni wazi kwamba wengi walikosekana katika hesabu ya kwanza. Baadaye maradhi ya sotoka yalipokomeshwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu walizidi sana, na kufika mwaka 1977 walikuwa kama 1,300,000. Lakini wale wa 1961 waliwezaje kuona kosa? Waliliona kwa sababu Michael na baba yake walikuwa wameandika waliloliona, namna walivyoliona, na mwezi walioliona. Mtu akisema tu kwamba wanyama ni wengi, hakuna awezaye kumsahihisha, wala kumsaidia. Akiandika 366,980, mwingine aweza kuja na kuanza pale alipoishia.

Hilo ndilo jibu la swali nililoliuliza mwanzo. Ndege ilianguka kwa sababu yote ilitegemea waya iliyopita mahali pamoja. Kazi haikuanguka kwa sababu haikumtegemea mtu mmoja tena: ilikuwa imekwisha ingia katika madaftari, na madaftari yalikuwa mikononi mwa wengine. Hata katika nchi yetu ya Msumbiji, magharibi ya Cabo Delgado, ndovu wa hifadhi ya Niassa wamekuwa wakihesabiwa kwa ndege ndogo zinazokwenda na kurudi kwa mistari iliyonyoka. Kwa hesabu hizo watu walitambua jinsi majangili walivyowapunguza, na bila kutambua wasingechukua hatua.

Kaka zetu mliotutangulia, najua baadhi yenu mmekuwa mafundi wa magari na wa injini za mashua, wengine makarani, wengine waganga na walimu. Nadhani mtakubaliana nami kwamba kazi zetu zote zina waya zake zisizoonekana. Hakuna abiria atakayemsifu fundi kwa spana aliyoikumbuka, wala mgonjwa kwa dawa iliyoandikwa sawasawa katika daftari. Nasi tulio bado darasani tuzoee mapema: tuhesabu, tuandike, kisha tutazame tena kabla ya kufunga kifuniko.